Jarida Lako Linataka Marejeleo ya Namna Gani? Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Nyanda za Juu Kusini

Ilikuwa mwezi wa sita, Mbeya imeshikwa na ile baridi ya kuvaa koti hadi ndani ya nyumba. Simu iliita. Kijana aliyemaliza shahada ya uzamili Iringa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, makala yangu ya viazi mviringo imekamilika. Nina swali moja tu: nitumie APA au Harvard?"

"Unaipeleka jarida gani?"

Akanyamaza. "Hilo bado sijaamua."

Tulianza upya kabisa, na mazungumzo yale ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Swali lake huulizwa na wengi: Uyole, Mkwawa, vyuo vya Mbeya mjini, na hata na watumishi wa halmashauri wanaotaka kuchapisha walichokiona kazini. Wote huuliza mtindo upi wa marejeleo, yaani wa kutaja vyanzo ulivyotumia, ni mzuri; APA na Harvard ni miwili kati ya mitindo hiyo. Hakuna mtindo mzuri wala mbaya. Upo mtindo ambao jarida limeuchagua, na kazi yako ni kuujua kwa hakika, mpaka kwenye koma.

Nalijali jambo hili kwa sababu lilinigharimu. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa baada ya siku nne, kabla mhakiki yeyote hajaiona. Barua ya mhariri ilikuwa na sentensi mbili: marejeleo hayafuati mwongozo wetu, rekebisha kisha ulete tena. Nilikuwa na marejeleo 61, yote nimeyachapa mwenyewe moja moja. Nilikesha nayo siku tatu, na katika kuyapanga upya nikafuta mwaka mmoja hapa, nikageuza jina pale, hata orodha ikatoka na makosa mapya ambayo mwanzo hayakuwepo. Nilikuwa nimefundishwa mtindo mmoja chuoni nikadhani dunia nzima inautumia huo. Sitaki wewe upitie huko.

Kwanza zijue koo tatu

Mitindo ni mingi. Hazina ya mitindo ya Zotero, programu ya kompyuta ya kupanga marejeleo, peke yake ina zaidi ya 10,000. Idadi hiyo isikutishe, maana karibu yote inatoka katika koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni wa jina na mwaka. Ndani ya matini unaandika jina la mwandishi na mwaka kwenye mabano, na mwishoni orodha inapangwa kwa alfabeti. Humo wamo APA, Harvard na mojawapo ya mifumo miwili ya Chicago. Sayansi za jamii, elimu, kilimo na mazingira hupenda ukoo huu.

Ukoo wa pili ni wa namba. Kila chanzo kinapewa namba kadiri kinavyotokea kwenye matini, na orodha inafuata mpangilio huohuo, si alfabeti. Vancouver na AMA hutumika kwenye tiba na afya, IEEE kwenye uhandisi na kompyuta. Jina la Vancouver linatokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba uliofanyika mwaka 1978 katika jiji hilo la Kanada, wakikubaliana namna moja ya kupokea miswada.

Ukoo wa tatu ni wa tanbihi: namba ndogo juu ya neno, na maelezo ya chanzo chini ya ukurasa. Mfumo wa pili wa Chicago uko huku, na utaukuta sana kwenye historia. MLA ya wanafasihi imesimama pembeni kidogo, kwani ndani ya matini huweka jina na ukurasa, mwaka ukabaki kwenye orodha tu.

Ukifungua makala yoyote, ukoo wake unaonekana kwa dakika moja. Kinachosumbua ni tofauti za ndani ya ukoo, na hizo nitazionyesha kwa mfano wa kwetu.

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha makala iliyomtambulisha kwa wanasayansi nyani wa kipunji, ambaye wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimjua kwa jina hilo zamani. Alionekana kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, na pia Ndundulu katika milima ya Udzungwa. Waandishi walikuwa saba. Kwa APA, toleo la saba, makala hiyo inaandikwa hivi:

Jones, T., Ehardt, C. L., Butynski, T. M., Davenport, T. R. B., Mpunga, N. E., Machaga, S. J., & De Luca, D. W. (2005). The highland mangabey Lophocebus kipunji: A new species of African monkey. Science, 308(5725), 1161–1164. https://doi.org/10.1126/science.1109191

Jina la jarida na namba ya juzuu, yaani 308, huwekwa kwa herufi za mlazo (italiki). Sasa iangalie ileile kwa Vancouver:

Jones T, Ehardt CL, Butynski TM, Davenport TRB, Mpunga NE, Machaga SJ, et al. The highland mangabey Lophocebus kipunji: a new species of African monkey. Science. 2005;308(5725):1161-4.

Nukta baada ya herufi za majina zimeondoka. Mwaka umehamia baada ya jina la jarida. Kurasa zimefupishwa. Mwandishi wa saba ametoweka, kwa kuwa Vancouver huorodhesha sita kisha husema "na wenzake" kwa Kilatini. AMA, ambayo ni ya ukoo huohuo wa namba na ya fani hiyohiyo ya tiba, wakizidi sita huacha watatu tu:

Jones T, Ehardt CL, Butynski TM, et al.

Yaani kwa AMA, Mpunga na Machaga hawaonekani kwenye orodha yako. Ndiyo maana nasema mtindo si mapambo. Unaamua nani atajwe na nani afunikwe, na mtu aliyezunguka msituni kutafuta mnyama anastahili uujue uamuzi huo kabla hujauchukua.

Hatua ya kwanza: chagua jarida

Huwezi kujua mtindo kabla ya kujua jarida. Angalia orodha yako mwenyewe ya marejeleo. Jarida linalojitokeza mara nyingi ndilo ambalo wasomaji wake wanazungumzia jambo lako, na hapo ndipo pa kuanzia. Kisha ingia African Journals Online, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, ambayo watu wengi huiita AJOL. Utakuta humo majarida mengi ya Tanzania: jarida liitwalo Kiswahili la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Kioo cha Lugha, Tanzania Journal of Science, Tanzania Journal of Health Research na mengine.

Jarida likikuahidi kuchapisha ndani ya siku chache, likataka fedha kabla ya uhakiki, na makala zake hazina hata marejeleo yanayofanana, liache. Orodha chafu ya marejeleo ni moja ya dalili za haraka kwamba hakuna mhariri anayesoma.

Andika majarida matatu kwa mpangilio wa unavyoyapenda, na kando ya kila moja acha nafasi ya kuandika mtindo wake. Utaona mwishoni kwa nini matatu.

Hatua ya pili: pata maelekezo kutoka kwenye chanzo

Nenda tovuti ya jarida lenyewe. Tafuta ukurasa wenye kichwa "Author Guidelines", "Instructions for Authors" au "Guide for Authors". Kwenye majarida ya Kiswahili unaweza kukuta "Maelekezo kwa Waandishi". Usitegemee karatasi uliyopewa na rafiki, wala mwongozo wa maktaba ya chuo cha ng'ambo, hata uwe mzuri namna gani. Chuo kile kinawaandikia wanafunzi wake, nawe unamwandikia mhariri wa jarida fulani.

Kama jarida liko AJOL na pia lina tovuti yake, fungua kote kuwili. Wakati mwingine upande mmoja umesahaulika miaka kadhaa. Yakitofautiana, fuata yale ya mchapishaji mwenyewe. Kwa jarida linalotoka kwa karatasi, maelekezo huwa ndani ya jalada la nyuma. Nenda maktaba uchukue nakala ya karibuni zaidi, si ile ya miaka kumi iliyopita iliyojaa vumbi kwenye rafu.

Ukishaupata, uhifadhi kwenye kompyuta pamoja na tarehe uliyouchukua. Bando likiisha au umeme ukikatika unao, na jarida likibadilisha kanuni baadaye unaweza kumwonyesha mhariri ulifuata zipi. Usome wote, si sehemu ya marejeleo pekee. Kanuni nyingine hujificha: idadi ya juu ya marejeleo, katazo la kurejelea ndani ya ikisiri, agizo la kuweka kiungo cha DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala mtandaoni, kila kinapopatikana.

Hatua ya tatu: elewa wanachosema hasa

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hali rahisi kabisa ni jarida kutaja mtindo na toleo lake: APA, toleo la saba. Hapo huna la kubahatisha. Toleo la saba lilitoka mwaka 2019, na ukitumia mazoea ya la sita utakosea mambo ya wazi. La sita lilitaka mji wa mchapishaji wa kitabu, la saba limeuondoa. La saba huorodhesha waandishi hadi 20, na ndani ya matini kazi yenye waandishi watatu au zaidi hufupishwa tangu mara ya kwanza kutajwa.

Hali ya pili ni mtindo kutajwa bila toleo. Wanasema "Chicago" wanakuacha hapo. Chicago ni mwongozo wa tangu 1906. Toleo la 17 lilitoka mwaka 2017 na la 18 mwaka 2024. Makala yetu ya kipunji ina waandishi saba. Kwa toleo la 17 unawaandika wote saba kwenye orodha. Kwa la 18, wakizidi sita, unaandika watatu wa kwanza na kufupisha waliobaki. Kisha kuna swali la mfumo: jina na mwaka, au tanbihi? Neno moja "Chicago" linaweza kukupa njia nne tofauti, na jibu halimo kwenye maelekezo. Liko kwenye hatua ya nne.

Hali ya tatu ni Harvard, nayo ndiyo inayowatesa watu wetu kuliko zote. Wengi hudhani kipo kitabu rasmi cha Harvard kilichotolewa na chuo kile cha Marekani. Hakipo. Desturi ya kuweka jina na mwaka kwenye mabano husimuliwa kwamba ilianzia kwa Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Harvard, katika andiko lake la mwaka 1881, na jina likaganda. Hakuna taasisi inayoisimamia, hivyo kila chuo na kila jarida lina Harvard yake. Moja huweka mwaka kwenye mabano, nyingine bila mabano. Moja hutumia "&", nyingine huandika neno zima. Moja hutia kichwa cha makala kwenye alama za mtajo, nyingine hukiacha wazi. Jarida likikuambia "Harvard", jua limekutajia ukoo tu. Mtindo wenyewe utauona kwenye mifano yake, na mifano hiyo ndiyo sheria.

Hali ya nne: hawataji jina lolote, wanatoa mifano mitano sita. Ni mtindo wa nyumba. Ukopi mifano hiyo kwenye karatasi, uibandike ukutani, ufanye kila kitu kwa kuiangalia.

Hali ya mwisho inawashangaza wengi. Majarida kadhaa ya wachapishaji wakubwa, wakiwemo Elsevier na Taylor & Francis, hukubali makala ya awali yenye mtindo wowote, mradi uwe mmoja toka mwanzo hadi mwisho na taarifa zote ziwepo. Kama jarida lako linasema hivyo, liamini. Usipoteze wiki ukipanga koma ambazo hawajaziomba.

Hatua ya nne: soma walichokwisha kuchapisha

Maelekezo ni ahadi. Makala zilizochapishwa ni ushahidi. Pakua makala tatu za toleo la karibuni kabisa, za waandishi tofauti. Tatu, kwa sababu moja inaweza kuwa na kosa lililopita mikononi mwa mhariri, na mbili zikipingana utahitaji mwamuzi.

Chukua karatasi, uchore safu kwa kila aina ya chanzo unachotumia: makala ya jarida, kitabu, sura ndani ya kitabu kilichohaririwa, ripoti, tasnifu, ukurasa wa mtandao. Kwa kila moja jiulize maswali ya mkono na jicho. Jina la ukoo linafuatwa na koma? Herufi za majina zina nukta, zina nafasi katikati? Kati ya waandishi wawili wa mwisho kuna "and", "na", au "&"? Wangapi wanatajwa kabla ya kufupisha? Mwaka uko wapi? Kichwa cha makala kina herufi kubwa kwenye neno la kwanza tu, au kwenye kila neno zito? Kipi kiko kwenye herufi za mlazo? Jina la jarida ni kamili au limefupishwa? DOI imeandikwa kama kiungo kizima au kwa namba peke yake?

Swali la majina ya majarida linahitaji neno zaidi. Mitindo ya tiba hufupisha: Tanzania Journal of Health Research huandikwa Tanzan J Health Res. Ufupisho huo haubuniwi. Tafuta jina la jarida kwenye katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, bure kabisa mtandaoni, uchukue lililoandikwa pale. Jina la neno moja kama Science halifupishwi.

Maelekezo na makala zikipingana, na makala zote tatu zinakubaliana, mimi hufuata makala. Zisipokubaliana, mwandikie mhariri. Watu huogopa jambo hili bila sababu, ilhali barua fupi yenye heshima hujibiwa: "Ndugu Mhariri, ninaandaa makala kwa ajili ya jarida lenu. Maelekezo yanataja Chicago. Naomba kujua kama mnatumia tanbihi au jina na mwaka, na toleo lipi. Ahsante." Usiambatanishe makala. Usieleze maisha yako.

Hatua ya tano: iache programu ichape, wewe ukague

Kuchapa marejeleo 60 kwa mkono ni kujitesa. Zotero ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka kwenye kompyuta, na inashikamana na Word na LibreOffice. Mendeley na EndNote zipo pia; EndNote ni ya kulipia. Mimi hufundisha Zotero kwa sababu mwanafunzi akiondoka chuoni bado anayo. Akaunti yake ya mtandaoni hukupa nafasi ya bure ya megabaiti 300 ya kuhifadhi mafaili; ukijaa, acha mafaili ya PDF kwenye kompyuta yako, orodha yenyewe itaendelea kulandana.

Kupata mtindo wa jarida lako, fungua hazina ya mitindo ya Zotero, andika jina la jarida kwenye kisanduku cha kutafutia. Usiandike "Harvard". Likiwepo, bonyeza na litaingia. Lisipokuwepo, rudi kwenye karatasi ya hatua ya nne, chagua mtindo unaokaribiana nayo zaidi, na ujue utarekebisha kwa mkono tofauti chache mwishoni.

Programu hutoa kile ulichoingiza. Ukiingiza uchafu, itakupangia uchafu huo kwa nadhifu. Yapo makosa matatu ninayoyaona kila mara kwenye kazi za huku kwetu.

La kwanza ni taasisi kuingizwa kama mtu. Ukichukua ripoti ya Sensa ya 2022, miongoni mwa waandishi wake ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ukiiweka kwenye visanduku viwili vya jina, programu itadhani Takwimu ni jina la ukoo na kukutolea kitu kama "Takwimu, O. T." Badilisha kiwe kisanduku kimoja.

La pili ni vichwa. Hifadhi kichwa kikiwa na herufi kubwa kwenye neno la kwanza na majina maalumu tu. Programu inaweza kuongeza herufi kubwa mtindo ukizitaka, lakini kuzipunguza haiwezi kwa uhakika, kwa kuwa haijui Rungwe ni mlima na viazi ni viazi.

La tatu ni lugha. Kwa kila chanzo cha Kiswahili, kwenye kisanduku cha lugha andika "sw". Usipofanya hivyo, mtindo unaotaka herufi kubwa utakifanya kichwa cha Kiswahili kama cha Kiingereza, na kila "wa" na "ya" vitasimama na herufi kubwa.

Kama makala yako ni ya Kiswahili, kuna kazi moja ya ziada. Majarida ya Kiswahili huandika "na" badala ya "&", "na wenzake" badala ya ufupisho wa Kilatini, "mh." kwa mhariri mmoja na "wah." kwa zaidi ya mmoja, "uk." kwa ukurasa. Angalia jarida lako linataka yapi. Mabadiliko hayo yafanye mwishoni kabisa, kwenye nakala ya pili ya faili uliyokwisha kuitenganisha na programu. Ukiyafanya kwenye faili lililo hai, programu ikijisasisha itayafuta yote.

Hatua ya sita: vyanzo vyetu ambavyo mwongozo haukuvifikiria

Miongozo hii iliandikwa Marekani na Ulaya. Haikumwazia mzee wa Makete anayekueleza jinsi pareto ilivyolimwa ujanani mwake.

Mahojiano kwanza. Kwa APA, mazungumzo binafsi ambayo msomaji hawezi kuyapata hutajwa ndani ya matini pamoja na tarehe, wala hayaingii kwenye orodha. Lakini kama mzee huyo alikuwa mshiriki wa utafiti wako, maneno yake ni data, si chanzo cha kurejelewa. Unayaeleza kama matokeo, ukilinda utambulisho wake kama ulivyomwahidi. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kuishia kuanika majina ya watu waliowaamini. Kwenye historia mambo ni tofauti: mahojiano hupata tanbihi yake yenye jina, mahali na tarehe, kwa ridhaa ya msimulizi.

Majina ya Kitanzania yanataka uangalifu. Sisi huandika jina letu, la baba, na la babu au ukoo. Mtindo unataka jina moja liwe la ukoo, mengine yawe herufi. Fuata alivyojitambulisha mwandishi mwenyewe kwenye kazi yake, na ubaki hapo kila mahali. Ukirejelea watafiti wa Makete unaweza kukuta akina Sanga wawili wa mwaka mmoja; APA inataka uongeze herufi za majina yao ndani ya matini ili wasichanganywe. Na wewe unayeanza kuchapisha, chagua leo namna moja ya kuandika jina lako, usiibadilishe.

Kichwa cha Kiswahili kwenye jarida la Kiingereza hakitupwi. APA huacha kichwa cha asili na kuweka tafsiri kwenye mabano ya mraba. Mitindo ya tiba hutaja pia lugha ya chanzo mwishoni. Nimeona watafiti wakitafsiri kichwa na kufuta cha asili kwa kudhani Kiingereza kinapendeza zaidi. Msomaji akikitafuta kitabu hicho hakipati popote, kwa sababu hakuna kitabu chenye jina hilo.

Sheria zetu zitajwe kwa jina, sura na mwaka zinavyojulikana nchini, mfano Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, ya mwaka 1999. Tasnifu nazo: APA hutofautisha iliyoko kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo na ile ya kwenye rafu tu, kwa hiyo chungulia hazina ya chuo kabla ya kuandika kwamba haijachapishwa.

Hatua ya saba: ukaguzi wa kalamu

Kuna mambo ambayo jicho haliyaoni kwenye kioo cha kompyuta. Chapa kwenye karatasi, hata kama ni kwa kwenda steshenari ya Mwanjelwa au Kihesa. Soma matini tangu mwanzo, na kila unapokutana na rejeleo liwekee alama kwenye orodha. Ukimaliza, jina lisilo na alama kwenye orodha halikutumika, litoke; lililo kwenye matini bila kuwepo kwenye orodha, liingie. Kwa mitindo ya namba, angalia kwamba namba zinapanda kwa utaratibu, hasa kama ulihamisha aya baada ya msimamizi wako kukushauri.

Kisha fungua kila DOI. Kila moja. Tarakimu moja ikikosewa inampeleka msomaji kwenye makala ya mtu mwingine. Zile ulizokosa zitafute kwenye ukurasa wa utafutaji wa Crossref, taasisi inayosajili DOI, unaokubali kichwa cha makala na kukurudishia namba.

Mwisho mpe mwenzako ukurasa mmoja wa orodha pamoja na makala moja iliyochapishwa na jarida hilo, umwombe atafute tofauti. Asiyejua mada yako ndiye mzuri zaidi, maana atatazama nukta na koma bila kuvutwa na hoja.

Yule kijana wa viazi alifanya hivyo na rafiki yake mwalimu wa hisabati. Jarida lake la kwanza lilikuwa la jina na mwaka, nalo baada ya miezi mitatu likamjibu kwamba mada haiwafai. La pili kwenye orodha yake lilikuwa la namba. Alifungua faili lile lililobaki limeunganishwa na programu, akabadilisha mtindo, marejeleo yote yakajipanga upya kabla chai haijapoa. Kisha akapakua makala tatu za jarida jipya na kuanza tena hatua ya nne.